Usiku Nao Hupika

Kitabu cha historia kilichoandikwa mjini Kyiv mwanzoni mwa karne ya 12 kinasimulia kwamba mwaka 997 Wapechenegi, kabila la wahamaji, waliuzingira mji wa Belgorod mpaka njaa ikawashika waliokuwa ndani, wakakaribia kusalimu amri. Mzee mmoja akaomba apewe siku tatu. Akawaagiza wanawake wakusanye chochote walichobakiza, konzi ya oti, ya ngano, hata ya pumba, wakiloweke kwenye pipa, na pipa lenyewe likashushwa ndani ya kisima. Kisima cha pili kikatiwa pipa la maji ya asali. Kisha wajumbe wa adui wakaitwa. Mbele ya macho yao uji ukachotwa kisimani, ukachemshwa, wakala. Waliporudi kwa wenzao walisema watu hawa wanalishwa na ardhi yenyewe, kuwazingira ni kujichosha bure. Jeshi likaondoka.

Kisa kimetiwa chumvi, hilo halina ubishi, lakini mapishi yake ni ya kweli. Oti au pumba zake zikikaa majini siku mbili tatu, maji huchacha, wanga hujitenga na kutuama chini, na wanga huo ukichemshwa hutoa uji laini wenye ukakasi kidogo. Warusi huuita kisel. Waskoti walikuwa na wao, sowans, uliotokana na maganda ya oti yaliyotoka kinuni yakiwa bado yameshika ungaunga, maganda ambayo kwingine yangemwagiwa kuku.

Leo oti za kulowekwa usiku zimeingia mjini kwa sura nyingine. Ni chupa ya kioo yenye mfuniko, na ndani yake mna oti, maziwa, mtindi mzito, mbegu za chia, siagi ya karanga, pengine na kijiko cha unga wa protini. Zinatengenezwa Jumapili jioni, zinapangwa kwenye friji, na kila asubuhi anayewahi daladala au matatu anachomoa yake. Sina ugomvi na chupa hiyo; nami huitengeneza. Ninachokataa ni lile dai kwamba hapa pana uvumbuzi. Jamii nyingi zimekuwa zikiilaza nafaka majini, na kinachozitofautisha ni kazi ambayo kila moja imeupa usiku.

Kwenye chupa ya friji, usiku haufanyi mengi. Oti tunazonunua dukani, zile bapa, zimekwisha kuivishwa nusu kiwandani: punje huvuliwa ganda, hupigwa mvuke, kisha hubanwa katikati ya rola. Mvuke una kazi mbili. Punje ya oti ina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ina kimeng'enya ambacho huanza kuyaharibu mafuta hayo mara tu punje inapovunjwa, mpaka unga unakuwa mchungu. Mvuke hukiua kimeng'enya hicho na papo hapo huilainisha punje. Wasagaji wa Ohio, Marekani, ambako nembo ya Quaker ilisajiliwa mwaka 1877, walitajirika kwa kuuza urahisi huo kwenye maboksi. Ndiyo sababu oti bapa zinalika kwa kulowekwa tu, bila moto. Mtu asijaribu hivyo kwa unga wa mahindi wala wa ulezi, maana huo ni mbichi, na tumbo halitachelewa kutoa taarifa.

Basi kwa nyuzi 4 za friji bakteria wanasinzia na vimeng'enya vinajikongoja. Kinachoendelea ni maji kupenya punje na nyuzinyuzi zake, hasa beta-glukani, kuvimba na kuleta ule mtelezo. Chia nazo zinakunywa maji, hata mara kumi ya uzito wake. Chupa ya Jumapili inafika Jumatano na ladha ileile ya Jumapili, ila imelainika zaidi. Huo ni usiku wa kulinda chakula kisibadilike, na friji ndiyo askari wake.

Asili ya chupa hii inajulikana. Maximilian Bircher-Benner, daktari wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1867, alifungua mwaka 1904 juu ya Zürichberg nyumba ya kutibia wagonjwa aliyoiita Nguvu Hai. Waliofika, wengi wao watu wa uwezo waliolemewa na minofu na mivinyo, waliamshwa alfajiri, wakatembezwa, wakatiwa bustanini kulima, wakalazwa mapema. Mwandishi Thomas Mann alikaa huko mwaka 1909 na kuilinganisha nyumba hiyo na jela. Mezani palikuwa na chakula ambacho daktari alisema alionjeshwa mara ya kwanza milimani, kwa mchunga mifugo: kijiko kimoja cha oti kilicholowekwa kwa muda wa saa 12 katika vijiko vitatu vya maji, maji ya limau, kijiko cha maziwa mazito ya kopo, matofaa mawili yaliyokunwa pamoja na maganda na kokwa zake, na kijiko cha lozi au hazelnuti zilizosagwa. Maziwa ya kopo yalichaguliwa kwa sababu maziwa mabichi ya zama zile yalihofiwa kubeba kifua kikuu.

Vipimo hivyo vinastahili kusomwa mara mbili. Oti kijiko kimoja, matofaa mawili. Oti zilikuwa za kushikiza tu. Kilikuwa chakula cha tofaa, na ndivyo daktari mwenyewe alivyokiita.

Nikikipigia hesabu napata protini gramu 4 au 5, si zaidi, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Katika zama zake Carl von Voit wa Munich alikuwa amefundisha kwamba mfanyakazi anahitaji gramu 118 za protini kwa siku, na nyama ndiyo iliyokalia kiti cha enzi. Bircher-Benner alisimama upande wa pili. Alishika kwamba mimea mibichi imehifadhi nguvu ya jua, na kwamba moto wa jikoni huipoteza. Madaktari wenzake mjini Zürich walimwona amevuka mpaka wa sayansi, na kwa habari ya jua walikuwa na haki. Kwa habari ya matunda na mboga, yeye ndiye aliyekuwa mbele yao. Leo hoteli zinaandika jina lake kwenye menyu ya asubuhi, na kizazi cha bakuli lake kinasifiwa kwa gramu 25 za protini kwa chupa. Angekuwa hai angeenda mahakamani.

Homa hii ya protini, kwa kweli, si ngeni Afrika. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi karibu mtupu. Ndio ugonjwa tunaouita kwashakoo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watafiti wa Uingereza waliweka kituo Kampala, karibu na hospitali ya Mulago, wakiusaka ugonjwa huohuo. Kufikia mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa unatoa ripoti ya kuonya juu ya janga la protini duniani. Miaka sita baadaye Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba hayo yote yalikuwa upotofu mkubwa: tatizo la walio wengi lilikuwa uhaba wa chakula chenyewe, na fedha nyingi zilikuwa zimekimbizwa kwenye vyakula maalumu vya protini. Anayenunua leo kopo la unga wa protini kwa bei ya gunia la mahindi angefaidika kuijua historia hiyo. Mtu mzima wa kilo 60 asiye mwanariadha anatosheka na gramu 50 hivi kwa siku nzima.

Hata hivyo asubuhi zetu nyingi ni haba kweli, na hapo chupa ina hoja. Chai ya rangi na andazi moja ni wanga juu ya sukari. Kikombe cha uji mwepesi wa sembe, uliotumia gramu 30 za unga, kina protini chini ya gramu 3. Kwa hiyo tuitazame chupa yenyewe kwa karibu. Oti gramu 50, nusu kikombe cha kupimia, zinaleta gramu 6 na nusu. Maziwa mililita 120, gramu 4. Kijiko cha chakula cha siagi ya karanga, gramu 4 nyingine. Cha chia, gramu 2. Kinachonyanyua jumla ni mtindi uliochujwa: mimina lita moja ya mtindi usio na sukari kwenye kitambaa safi, ning'iniza juu ya sufuria ndani ya friji jioni hadi asubuhi, na utabaki na nusu hivi iliyo nzito mpaka kijiko kinasimama. Gramu 100 za mtindi huo zina protini kama gramu 7. Jumla inazidi kidogo gramu 23 na hakuna kopo lililofunguliwa. Maji ya njano yaliyodondoka yasimwagwe, ni mazuri kukandia unga wa chapati.

Lakini angalia zilikotoka hizo gramu 23. Za oti hazifiki hata theluthi. Chupa inabeba protini kwa sababu imejazwa vitu vyenye protini, na usiku haukuongeza wala kupunguza.

Sasa twende Mombasa au Unguja. Mbaazi zinalowekwa jioni. Kando yake unga wa mahamri umekandwa kwa tui na iliki, ukafunikwa uumuke hadi alfajiri. Na kama nyumba ni ya vitumbua, mchele nao uko majini tangu magharibi, usagwe kabla ya swala au baada yake. Gramu 60 za mbaazi kavu, kipimo cha mlaji mmoja mwenye njaa ya haki, zina protini kama gramu 13, na mahamri mawili yanaongeza zake. Mlo huo wa vibanda vya uchochoroni unaikaribia chupa ya friji bila kujitangaza. Tena ndoa ya nafaka na kunde ina siri yake: protini ya ngano, mchele na mahindi imepungukiwa na asidi amino iitwayo lisini, na kunde zinayo tele. Oti ni bora kidogo kuliko mahindi kwa jambo hili, ila nazo zinahitaji mwenzi.

Wahindi wa kusini ndoa hiyo waliifungisha usiku. Mchele vikombe vitatu au vinne kwa kimoja cha kunde ndogo ziitwazo urad, kila kimoja kikilowekwa peke yake, vikasagwa, vikachanganywa na kuachwa jikoni penye joto. Hakuna hamira inayotiwa. Bakteria waliokuwa kwenye nafaka wenyewe wanatoa hewa na asidi, rojo linapanda mpaka mdomoni mwa chombo, na asubuhi linapikwa kwa mvuke kuwa idli. Hapa usiku umefanya kazi ya hamira na ya ndimu kwa mpigo mmoja.

Togwa, kwangu, ndiyo bingwa wa simulizi hii, na inasikitisha kuona inavyopitwa na wanaoandika juu ya vyakula vya kutayarisha mapema. Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya wanaijua vizuri. Unapika uji mzito wa mahindi mpaka uive barabara, unauacha upoe hadi uweze kuchovya kidole bila kukirudisha haraka. Hapo unatia kimea: ulezi uliolowekwa, ukafunikwa mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Kinachofuata anayekiona mara ya kwanza hudhani ametiliwa maji kwa siri. Mwiko uliokuwa umesimama wima unaanza kuinama. Uji unalegea, unang'aa, unateremka, na kabla hujamaliza kusimulia kisa umekuwa kinywaji. Ukionja sasa hivi ni mtamu, ingawa sukari haikutiwa. Ukiufunika na kuuacha hadi kesho yake, utamu unapata ndugu yake, uchachu.

Sababu ni kimeng'enya cha amilesi. Ulezi unapochipua hukitengeneza ili uvunje wanga wake kulisha mche. Sisi tunakiazima kuvunjia wanga wa sufuria nzima. Uji ukiwa wa moto mno kimeng'enya kinakufa, ndiyo maana ya kile kidole. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti juu ya unga wa nafaka iliyochipuzwa na chakula cha watoto, wakionyesha faida ambayo bibi zetu waliitumia bila kuiandika. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una unga kiduchu, na ule wenye unga wa kutosha ni mzito haumezeki. Kimea kinauvunja ubishi huo, kwani uji wenye unga mwingi unatiririka. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg wakaripoti kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Asidi ya laktiki inayazuia mengi ya yale yanayoingia na maji machafu na vyombo visivyooshwa vizuri. Kwa nyumba isiyo na umeme, hiyo asidi ndiyo friji.

Wakenya wengi wanafuata njia hiyohiyo kwa kuigeuza. Uji wao wa kuchachua huanza kwa unga wa wimbi, mtama au mahindi kukorogwa na maji na kuachwa siku moja au mbili, kisha ndipo unapikwa. Wao moto wanauweka mwisho, sisi wa togwa tunauweka mwanzo. Wa kwao una usalama wa moto asubuhi, nasi tunapata kutoamka na kuni. Mwenye kupika kwa mkaa anajua uzito wa tofauti hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo chupa ya friji hailiwezi. Nafaka zote zina fitati, kitu kinachoshika madini chuma na zinki yasinyonywe na mwili. Mara nyingi husemwa kwamba kuloweka oti usiku huondoa fitati. Kwa oti bapa si kweli sana: oti zina uhaba wa kimeng'enya cha kuvunja fitati tangu shambani, kidogo kilichokuwepo kimeuawa na mvuke, na baridi imemalizia. Kwenye togwa na uji wa kuchachua, nafaka iliyochipua na asidi vinafanya kazi hiyo usiku kucha. Bircher-Benner, bila kuikusudia kemia hiyo, alikuwa na dawa yake: limau na tofaa bichi vina vitamini C, nayo husaidia chuma kunyonywa. Mtengenezaji wa leo ameitupa limau na kuongeza chokoleti. Ukitaka kuirekebisha chupa yako, usihangaike na saa za kuloweka. Kamulia ndimu au pambia embe, pera au pasheni wakati wa kula.

Togwa nayo ina udhaifu, na si haki kuuficha. Kwa protini ni maskini kama uji mwingine wa mahindi. Kuchacha hakuzai protini ambayo haikuwemo. Anayeinywa peke yake kama mlo wa asubuhi anahitaji yai, au konzi ya karanga zilizochaguliwa vizuri, bila punje zilizosinyaa wala kuota ukungu, kwa ajili ya hatari ya sumukuvu.

Halafu kuna Waswidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund aligundua namna ya kuzifanya oti ziwe kinywaji kwa kutumia vimeng'enya vinavyovunja wanga, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Oatly. Maziwa ya oti yana utamu ambao hakuna aliyetia sukari, na yanatiririka ingawa yamebeba nafaka. Sisemi kwamba aliiga togwa. Jambo hilo ni la kemia, na kemia haina kwao. Ila nikiyaona kwenye rafu za maduka makubwa ya Dar es Salaam kwa bei ile, nacheka peke yangu.

Hapo ndipo penye suala la heshima. Kiporo cha wali kinachopashwa asubuhi na chai kina aibu yake mjini. Mtoto hatakisimulia shuleni. Watamil wana wali wao wa jana uliolazwa majini, pazhaya soru, uliokuwa mlo wa wakulima. Wabengali wana panta bhat, ambao mwaka 2021 Kishwar Chowdhury aliupeleka kwenye fainali ya shindano la upishi la MasterChef Australia, na majaji wakausifu. Chakula kilekile, cha jana, kinapanda cheo kikibadilishiwa chombo. Chupa ya oti ni kiporo cha makusudi. Ukiisema hivyo mbele ya vijana wa jimu wananuna, ingawa hawana hoja ya kunijibu.

Tofauti ninayoiona kubwa ni ya mwenendo wa chakula chenyewe. Chupa inataka uzito: chia, mtindi uliochujwa na siagi ya karanga vyote vinaishika isimwagike kwenye mkoba, na inaliwa kwa kijiko mtu akiwa amekaa foleni. Togwa inataka wepesi, inywewe kwa kikombe na mtu aliyetoka shambani saa nne jua likiwa kali. Moja inamshibisha anayekaa, nyingine inampoza anayefanya kazi ya mikono. Kuzishindanisha kwa gramu za protini peke yake ni kuzionea zote mbili.

Kwa asiye na friji anayeipenda chupa, njia ipo, ila maziwa mabichi yasiguswe, kwa joto la Dar au Mombasa huo utakuwa mchezo wa pata potea. Loweka oti kwa mtindi mtupu au maziwa lala, ambayo tayari yana asidi ya kujilinda, tena uchanganye usiku kabla ya kulala wala si jioni mapema, na uile alfajiri. Itakuwa imechacha zaidi ya ile ya friji. Karanga ziongezwe asubuhi ili zibaki na mlio. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asali isitiwe kabisa, iwe kwenye oti au kwenye uji. Mpe uji wa kimea.